Asiguswe Mpaka Aombe Mkono

Siku niliyokwenda kuonwa na mama yake Selemani ndiyo siku niliyomkaripia, barazani kwake, mbele ya mdogo wake, pilau yake ikiwa bado mdomoni mwangu.

Sikukusudia. Wallahi sikukusudia. Wiki nzima nilikuwa nikijiandaa kwa ajili ya Jumapili ile. Shangazi yangu wa Levolosi, niliyekuwa nikikaa kwake, alinifundisha hata namna ya kukaa. "Usikunje nne, Twahira. Usimalize chakula chote, wala usibakize sana. Ukiulizwa jambo, tabasamu kwanza ndipo ujibu." Nikavaa gauni langu refu la zambarau, nikajitanda mtandio mweupe, nikabeba chane mbili za ndizi mshare alizoniletea baba kutoka Kikatiti. Masika ya mwaka ule wa tisini na tatu yalikuwa hayana huruma. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mlima Meru ulikuwa umejifunika gubigubi kama mgonjwa wa homa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu sana. Vua viatu hapo, sakafu inateleza."

Bi Maulida alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye macho ya kuchoka na mikono isiyochoka. Alinipokea ndizi, akanikalisha kwenye mkeka mpya, akaniuliza hali ya wazazi wangu. Lakini wakati wote huo jicho lake moja lilikuwa kwa mwanawe. Selemani akisogea, na yeye anasogea. Selemani akijikohoza, na yeye anageuka. Alimtazama kama mtu aliyebeba maji kwenye sahani.

Sikumshangaa. Nilijua habari yote. Selemani alikuwa utingo wa lori la kahawa, kijana wa kuruka juu na kushuka lori likiwa bado linatembea, mpaka siku lilipopinduka barabara ya Moshi likamlalia mguu. Mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti. Miaka minne ilikuwa imepita. Mguu wa bandia alipewa, lakini moyo wa kuutembelea hakupewa. Alijifunza cherehani, akawa anakaa mbele ya nyumba yao hapo Kaloleni akipunguza viuno vya suruali za mitumba na kukata pindo, maana watu walikuwa hawashoni tena nguo mpya. Akitaka kwenda msikitini, mama yake yuko kushotoni, bega chini ya kwapa. Akitaka kwenda uani, mama yuko kushotoni. Mwanaume wa miaka ishirini na tisa.

"Kwa hiyo wewe ndiye mwalimu wa karate?" aliniuliza Bi Arafa, mdogo wake Bi Maulida, mama mnene mwenye kicheko kikubwa, muuza vitumbua anayejulikana soko zima kwa mdomo wake.

Nilitabasamu kwanza. "Ni judo, mama mdogo."

"Judo, karate, si ndiyo hayo hayo ya kwenye vibanda vya video? Mtu anaruka juu ya paa huku analia kama paka?"

Selemani akacheka. "Sisi haturuki mapaa, mama mdogo. Sisi tunaanguka tu."

"Mnaanguka?"

"Ndilo somo la kwanza."

"Haya makubwa! Siku hizi hata kuanguka kunasomewa? Mimi mbona nilijifunza bure?"

Tulicheka sote, isipokuwa Bi Maulida. Yeye alikuwa ameshika mwiko, ametulia tuli. "Mnaanguka vipi?" aliuliza. "Si mliniambia ni mazoezi ya hospitali?"

Selemani akanitazama, nami nikamtazama. Hapo ndipo nilipojua kwamba hakuwahi kumwambia mama yake ukweli wote.

Na ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Mimi nilikuwa msaidizi wa mazoezi ya viungo hospitalini. Kazi yangu ilikuwa kuwanyoosha watu miguu na mikono, kuwafundisha kutembelea magongo na miguu ya bandia. Niligundua kwamba wengi wao hawakushindwa kutembea. Walishindwa kwa hofu. Walimwogopa yule mtu wa barabarani atakayewaona wakiwa chini. Nami nilikuwa na kitu nilichokipata JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kambi ya Oljoro, ambako afande mmoja alitufundisha wasichana judo kwa mwaka mzima, na miezi miwili ya kwanza hakutufundisha kingine ila kuanguka. Kidevu kifuani. Geuka ubavu. Kiganja piga chini, upunguze kishindo. Halafu inuka.

Basi nikaomba ukumbi mdogo wa mtaa, Jumamosi baada ya alasiri. Magodoro ya judo hatukuwa nayo. Tulikwenda Nkoaranga tukapewa maganda ya kahawa, tukayajaza kwenye magunia, na aliyeyashona magunia yale yakawa magodoro alikuwa ni Selemani. Ubaoni niliandika sheria moja tu kwa chaki: ALIYEANGUKA ASIGUSWE MPAKA AOMBE MKONO.

Mara ya kwanza nilipomshika Selemani kola ili nimwangushe, alirudi nyuma nusu hatua. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Afande, mimi ni mzito. Nitakuumiza." Wanafunzi wangu wote waliniita Afande kwa ajili ya ile JKT. Nikamwambia, "Niangalie usoni, usiangalie chini." Akaniangalia. Ana macho ya rangi ya asali mbichi, Selemani, na kope ndefu ambazo Mungu angempa mwanamke zingemtosha. Nikamwangusha. Alipopiga gunia kwa kiganja, vumbi la kahawa likaruka, akalala pale akitazama dari, halafu akaanza kucheka. Kicheko cha mtu aliyekuwa amefungiwa chumbani miaka minne. Sijui ni siku ile nilipompenda au ni Jumamosi iliyofuata. Najua tu kwamba kufikia mwezi wa pili wa mazoezi nilikuwa nikizihesabu siku kuanzia Jumapili.

Sasa rudi nami barazani.

Chakula kilipokuwa kinakwisha, Selemani alisimama kuchukua birika na beseni ili atunawishe.

"Kaa baba," alisema Bi Maulida. "Nitaleta mimi."

"Mama, leo mgeni ni wangu."

Alipiga hatua mbili. Ya tatu, mguu wa bandia ukakanyaga pale ambapo mvua ilikuwa imepenya chini ya paa, ukateleza. Birika likaenda upande wake, yeye upande wake.

Nilikiona kila kitu. Kidevu kifuani. Akageuka ubavu. Kiganja, paa! juu ya saruji. Alianguka vizuri kuliko nilivyowahi kumwona akianguka juu ya magunia. Bi Arafa akapiga ukelele, "Yallah!" Bi Maulida akaruka kutoka kwenye kigoda, sahani ikamwagika, mikono yake tayari iko mbele.

Na mimi, kwa sauti ileile ya kambini, nikafoka:

"Asiguswe! Mwacheni!"

Bi Maulida akasimama pale pale, mikono hewani, hatua tatu kutoka kwa mtoto wake wa pekee.

Selemani akaweka goti la kulia. Akaweka kiganja. Akauvuta mguu wa bandia nyuma, akajisukuma, akasimama wima, suruali imelowa, uso unang'aa. "Afande! Umeona? Kwenye saruji!"

Na mjinga mimi nikapiga makofi. Nilicheka na machozi yakanitoka, kwa sababu kati ya maanguko yote ya Selemani, hilo ndilo lilikuwa la kwanza nje ya ukumbi, la kwanza lisilo la mazoezi, na ameinuka.

Nilipogeuka nilimwona Bi Maulida. Hajasogea.

"Umenizuia," alisema taratibu.

"Mama, samahani, ni kwa sababu..."

"Umenizuia nisimshike mwanangu. Ndani ya nyumba yangu. Halafu ukacheka."

"Mama, mimi sijaumia," alisema Selemani.

"Sijakuuliza wewe." Macho yake hayakutoka kwangu. "Kila Jumamosi unamwangusha hivi?"

Ningetabasamu kwanza. Ningekumbuka maneno ya shangazi. Badala yake nikajibu kama ninavyojibu hospitalini. "Ndiyo mama. Mara thelathini hivi. Siku nyingine arobaini."

"Arobaini!" Bi Arafa akashika kichwa. "Jamani! Hata punda wa Nduruma hapigwi hivyo!"

"Arafa, nyamaza." Bi Maulida alikaa tena kwenye kigoda chake, polepole, kama aliyezeeka kwa dakika tano. "Binti, nisikilize. Siku niliyomkuta mwanangu kitandani, shuka limelala bapa pale ambapo mguu ulitakiwa kuwa, nilimwambia Mungu maneno mafupi. Nikasema, niachie huyu, na mimi naahidi hataanguka tena. Mungu akaniachia. Miaka minne nimetimiza ahadi yangu, usiku na mchana. Wewe umekuja kuivunja, tena kwa kicheko."

Nililiokota birika, nikalisimamisha.

"Adabu unayo. Umevaa vizuri. Ndizi zako nimezipokea, mwambie baba ahsante. Lakini posa haitatoka nyumba hii kwenda kwenu. Simwozeshi mwanangu kwa mtu wa kumtazama akiwa chini."

Selemani alinisindikiza hadi getini, mama yake akitutazama kutoka barazani. Mvua ilikuwa imeanza tena, nyepesi, ile ya kulowanisha nyusi tu.

"Kwa nini hukumwambia?" nilimuuliza.

"Ningemwambia, asingeniruhusu kuja. Nisingekuja, nisingekujua." Alinyanyua mkono kama anayetaka kunifuta tone shavuni, akakumbuka anatazamwa, akaushusha. "Twahira, sina mwingine zaidi ya yule. Baba alifariki nikiwa tumboni. Siwezi kuoa huku mama analia."

"Sijakuomba uoe huku analia."

"Basi nipe muda."

"Muda nitakupa. Jumamosi utakuja?"

Alitazama barazani, kisha akanitazama mimi. Macho yale ya asali yalikuwa yamejaa. Jibu nikawa nimelipata.

Nilitembea hadi Levolosi bila kufungua mwavuli.

*

Jumamosi ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja.

Kila mlango wa ukumbi ulipolia nilikuwa nageuka. Nilimsikia kwenye kila gongo lililogonga sakafu, ingawa Selemani hakutembelea gongo. Nilifundisha nusu nusu. Jumamosi ya tatu nilimwangusha Reginald mara mbili mfululizo bila kumwonya, mpaka akalalamika.

Reginald alikuwa mpokea simu wa ofisi moja mjini, haoni tangu utotoni, na alikaa nyumba ya tatu kutoka kwa kina Selemani. Jumamosi zote walikuwa wanakuja wameshikana mikono. "Mimi miguu, yeye macho," Reginald alikuwa akisema. "Tukiungana tunapata mtu mmoja na nusu." Sasa alikuwa anakuja na fimbo yake tu.

"Afande," aliniambia siku hiyo, akijipangusa maganda ya kahawa kichwani, "mimi sioni, lakini nakusikia unavyohema. Unahema kama mtu aliyeacha sufuria jikoni."

"Fanya mazoezi, Reginald."

"Nafanya. Rafiki yako hali chakula. Mama yake kanieleza dirishani. Anashona mpaka sindano inapata moto, hasemi, hali. Nikamwambia mama, huo si ugonjwa wa hospitali."

Nanyori alicheka. Huyu alikuwa mama wa Kiarusha kutoka Olmotonyi, mkono wake wa kulia umekauka tangu akiwa mtoto, na kwa mkono wa kushoto peke yake aliweza kumwangusha mtu yeyote darasani, mimi nikiwemo. Asubuhi aliuza maziwa, alasiri alikuja kwetu na shanga zake zote shingoni, ambazo alizivua na kuzitundika kwenye msumari kabla ya mazoezi.

"Mwalimu," alisema, "mimi nakuuliza. Siku ile ulimfokea mama yake kweli?"

"Nilisema asiguswe. Ndiyo sheria yetu."

"Sheria iko hapa." Alionyesha ubao kwa kidevu. "Kule kwake kuna ubao?"

Nikaugeukia ubao.

"Kwetu hata mbwa wa mama mkwe humfokei. Sembuse mwenyewe! Tena mbele ya mdogo wake!" Alitikisa kichwa kwa huruma na kicheko pamoja. "Wewe unajua kuangusha watu, mwalimu. Lakini ile siku ulimwangusha mtu ambaye hajavaa nguo za mazoezi."

Maneno yale yaliniingia. Kwa wiki tatu nilikuwa nimelala na kuamka nikijitetea moyoni: sikukosea, aliinuka, sikukosea. Sikuwa nimekosea kumwacha ainuke. Lakini Bi Maulida alikuwa mama kwenye baraza lake, na mimi nikamwamrisha kama kuruta.

Nikaamua kwamba darasa likiisha nitakwenda Kaloleni kumwomba radhi, posa iwepo au isiwepo.

Sikuhitaji kwenda. Nilipogeuka kuelekea mlangoni, Bi Maulida alikuwa amesimama pale, kanga mbili, moja imelowa mabegani.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Endeleeni. Nimekuja kutazama tu." Alikaa kwenye benchi la ukutani, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni ya daktari.

Nikawapa ishara. Nanyori akamshika Reginald kola, akamzungusha kiunoni, akamtupa. Paa! Vumbi la kahawa. Bi Maulida akafumba macho.

"Nani huyo kanitupa?" Reginald alipiga kelele akiwa chini. "Nitamshitaki! Nimemwona kwa macho yangu!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilimtazama Bi Maulida kwa pembeni. Alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga, mabega yanamtikisika. Kisha akaona kwamba hakuna aliyekimbilia kumwinua Reginald, na mabega yakatulia. Alimtazama yule kijana akipapasa gunia, akitafuta goti lake, akisimama. Alimtazama mpaka mwisho.

Nikaenda nikakaa chini sakafuni, mbele ya benchi, nikawa chini ya uso wake.

"Mama, nilikuwa nakuja kwako leo. Ile Jumapili nilikukosea."

"Unakubali kumbe kwamba hupaswi kumwacha mtu chini?"

"Hapana mama." Sikutaka kumpata Selemani kwa uongo wa pili. "Hilo sikubali. Kosa langu ni kwamba nilikuamrisha nyumbani kwako, mbele ya mama mdogo. Yule ni mwanao kabla hajawa mwanafunzi wangu. Ningekuomba. Sikukuomba, nilikufokea. Naomba unisamehe."

Bi Maulida alikaza fundo la kanga yake.

"Una kichwa kigumu," alisema.

"Ndiyo mama."

"Baba yako anajua?"

"Ndiye aliyenipa."

Nusura atabasamu. Kisha uso wake ukaondoka, ukaenda mbali. "Mimi nina presha, Twahira." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina. "Mwezi wa kwanza nilizimia uani. Selemani hajui. Nilipozinduka, kitu cha kwanza nilichowaza si mimi. Niliwaza, yuko ndani, anataka kwenda kutawadha, nani anampa bega? Nikiondoka leo, nani atamshika? Nilidhani nikimpatia mke, mke atamshika. Halafu nikaletewa mke anayesema asishikwe!"

"Na mke naye akiondoka kabla yake?" niliuliza taratibu. "Mimi pia ni binadamu, mama. Naugua, navuka barabara. Ndiyo maana namfundisha. Mimi napenda kumshika, mama, usione hivi. Siku ile mikono iliniwasha kama yako. Lakini kumshika kwangu kuna siku kutakwisha. Kuinuka kwake hakutakwisha."

Aliinama, akanyoosha mkono, akaligusa gunia lililokuwa karibu, akalibonyeza kama mama anayepima godoro la mtoto. Akapitisha kidole kwenye mshono.

"Huu ni mshono wake," alisema. "Anarudia mara mbili pembeni."

"Yote ameshona yeye."

"Hakuniambia." Kidole kiliendelea kutembea juu ya mshono. "Kuna mengi haniambii siku hizi."

Ndipo mlango ukalia.

Sikugeuka haraka. Wiki tatu zilikuwa zimenifundisha kutogeuka haraka. Lakini niliuona uso wa Bi Maulida, nikageuka.

Selemani alikuwa mlangoni, peke yake. Ameshika mwimo kwa mkono mmoja, anahema. Shati lake jeupe lilikuwa na tope jekundu kuanzia begani hadi kiunoni, na jingine kwenye goti. Kofia hana.

"Mama!" alisema. "Mama, nimekutafuta kila mahali! Nimetoka cherehani, nyumba tupu, mlango wa uani wazi. Nikaenda kwa mama mdogo sokoni, hukuwepo. Nikaambiwa umeonekana huku. Kwa nini hukuaga? Nimeogopa, mama. Nilidhani umeanguka mahali!"

Hakunitazama hata mimi. Hakujua amefanya nini. Kutoka Kaloleni hadi sokoni, kutoka sokoni hadi kwetu, kwenye tope la masika, bila bega la mtu.

Bi Maulida alikwisha kusimama. Miguu yake ilikuwa tayari inakwenda, mikono ikiwa mbele. Ukumbi mzima ukanyamaza. Hata Reginald aligeuza kichwa kuelekea kwenye ule ukimya. Mimi nilifunga mdomo, safari hii nikaufunga kwa nguvu zangu zote. Lilikuwa jambo lake. Ama amkimbilie, ama asimkimbilie, lilikuwa lake mwenyewe.

Alisimama katikati ya magunia. Akazikamata ncha za kanga yake, moja kila mkono, akazivuta chini kama mtu anayejizuia asipeperuke.

"Umeanguka?" aliuliza.

Selemani akajitazama shati. Akaona aibu kidogo. "Mara mbili. Pale kona ya soko, na pale mtaroni."

"Nani kakuinua?"

"Hakuna."

"Watu walikutazama?"

"Walitazama, mama." Akafikiri. "Nikawasalimia."

Kitu fulani kilivunjika usoni mwa Bi Maulida, na sikujua kama ni kilio au kicheko mpaka vyote viwili vilipotoka pamoja. Alijipangusa kwa kanga. Akavuta pumzi. Akajiweka sawa, akamtazama mwanawe kuanzia kichwani hadi chini, kwa jicho la ukali ambalo nadhani hakuwahi kumtazama nalo tangu ile ajali, jicho la mama kwa mtoto mzima.

"Basi rudi nyumbani ukaoge," alisema. "Tena ubadilishe shati. Utaandikaje barua ya posa na tope mgongoni?"

Nilisikia Nanyori akivuta pumzi. Nilisikia Reginald akinong'ona, "Kasema nini? Kasema nini?" Ndipo Selemani aliponitazama. Sijui nieleze vipi mtazamo ule. Kama umewahi kukaa gizani siku nyingi, halafu asubuhi moja wingu likaondoka na mlima wote ukawa uko pale, mweupe kileleni, karibu kuliko ulivyokuwa ukidhani, basi unajua.

"Mama..." alianza.

"Nimesema kaoge. Tangulia. Mimi nina maneno na huyu kichwa kigumu."

"Nikusubiri nje?"

"Kwani mimi sijui njia? Tangulia, Selemani."

Akatangulia. Bi Maulida na mimi tulisimama mlangoni. Nje kulikuwa na ngazi tatu za saruji, zimelowa, hazina pa kushika. Selemani alisimama juu yake, akazipima kwa macho.

Bi Maulida alinikamata mkono juu ya kiwiko. Ngazi ya kwanza, vidole vikaniingia nyamani. Ya pili, mguu wa bandia ulisita, ukatafuta, na mimi nilihisi kucha zake zikipenya nguo ya mazoezi. Nilihisi mwili wake wote unataka kutoka. Wangu pia. Nikaweka kiganja changu juu ya vidole vyake, nikavibana. Hakuna aliyesogea.

Ya tatu. Akafika chini. Akashika njia ya Kaloleni, taratibu, mkono mmoja mfukoni, kama mtu aliyetoka kutembea tu.

Bi Maulida alinitazama, kope zimelowa.

"Mwambie baba yako asiende shamba Jumatano," alisema. "Nitawaleta washenga asubuhi."

Ndipo aliponiachia mkono. Alama za vidole vyake vitano zilikaa pale mpaka usiku, nami sikuzisugua.